Nilivyosafisha maji ya kufulia kwa umeme na sufuria mbovu ya jirani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hili sikuhadithiwa, nimelifanya kwa mikono yangu na mashahidi ni mtaa mzima. Mkitaka kucheka chekeni tu, hapa kwetu Mpendae wamenicheka mpaka mbavu zikawauma, mie nshazoea.

Mie ni fundi umeme. Mke wangu, Rukia, anafua mashuka ya nyumba za wageni za Mji Mkongwe. Anafulia uani kwetu. Kazi nzuri, inatulisha. Kuna miezi inanilisha na mie fundi, maana siku hizi mafundi umeme tumekuwa wengi kuliko nyaya zenyewe.

Tabu ni maji. Mgeni anajipaka mafuta ya jua asubuhi, mafuta ya kukandwa jioni, mafuta ya mbu usiku, halafu yote anayalalia. Shuka lile likifuliwa, maji yanatoka mazito kama uji. Karo letu, lile shimo la maji machafu, lilishajaa na uani hapana nafasi ya kuchimba jengine. Yakawa yanatoka nje, yanafuata uchochoro, mpaka mlangoni kwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni jirani yetu, mtu mzima, anauza urojo, ule mchuzi wa bajia, barazani kwake kila alasiri. Urojo wake watu wanaufuata kutoka mitaa ya mbali. Lakini kuufikia ilikuwa lazima ukunje suruali uruke.

Nikipita nnamwamkia, "Shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Mwambie mkeo leo bamvua, bahari imejaa, maji yashafika kizingitini."

Tukacheka nae, tukaomba radhi, maji yakaendelea kuja. Mwisho akachoka, akenda kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu.

Sheha akaja, kanzu ameishika juu kwa mkono mmoja. Akatazama, akasema bila ya ukali: mwezi usimalizike haya maji bado yapo njiani. Yakiwepo, kufua basi.

Rukia alikuwa anakamua shuka, akaendelea kulikamua. Likaisha maji, bado analikamua tu.

Wakuu, pale ndipo nilipoamua.

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Nikakuta watu wanasafisha maji machafu kwa umeme. Unatumbukiza vipande viwili vya chuma kwenye maji, kimoja unakiunga kwenye chanya, kimoja kwenye hasi. Chuma kinaliwa kidogo kidogo, na kile kinachotoka kinaukamata uchafu, unashikana mabonge. Mabonge mengine yanazama, mengine yanabebwa juu na mapovu. Maji yanabaki katikati.

Nikasema hii kazi nimeandikiwa mimi!

Nikachukua pipa, vipande vya bati la chuma, na chaja ya betri ya gari. (Asije mtu akachomeka waya wa ukutani moja kwa moja, tutakuja kukuzika.) Nikatia na chumvi kidogo ili umeme upite vizuri.

Mapovu yakapanda, uchafu ukaanza kushikana. Nikamwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyevumbua kitu. Nikachota maji ya katikati, yanaonekana meupe, nikamwambia, "Hebu suuza shuka moja uone."

Akasuuza, akaanika.

Shuka likakauka rangi ya chungwa! Kumbe kile chuma kilikuwa bado kimo ndani ya maji, kikipata hewa na jua kinageuka kutu.

Rukia akalitazama, akanitazama. "Mume wangu, shuka la watu umelipiga hina. Sasa tulitafutie na bwana harusi?"

Alikwenda mwenyewe mjini kuomba radhi kwa wenye shuka. Na lile pipa nilipolimwaga, maji mekundu yakashuka mpaka kwa Bi Mwanaidi, wateja wamekaa. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Fundi! Leo umetuletea na mchuzi?"

Wallahi nilitamani uchochoro ufunguke unimeze.

Nikarudi kusoma, safari hii mpaka mwisho. Wanasema alumini haitii rangi. Haya, alumini naipata wapi? Nikaenda kumwomba radhi Bi Mwanaidi, na katika kujieleza nikamwambia kinachokosekana.

Akanisikiliza, akaingia ndani. Nikajua anakwenda kuchukua mwiko. Akatoka na sufuria kubwa ya alumini iliyotoboka, akaniwekea miguuni.

"Chukua. Mie sikwenda kwa sheha ili mwenzangu akose riziki. Nilikwenda kwa sababu nyie mlikuwa mnacheka tu."

Nikaichukua.

Nikaikata vipande, nikavitenga visigusane. Kitu kimoja zaidi: yale mapovu ni gesi, na moja inashika moto. Kwa hiyo pipa liwe nje penye hewa na moto ukae mbali. Jiko la bajia la Bi Mwanaidi lilikuwa karibu na ukuta wetu, nikamwomba alisogeze. Akasema jiko lake lilikuwepo hapo kabla yangu. Akenda Rukia, wakanong'ona, jiko likasogea. Waliambiana nini mpaka leo sijaambiwa.

Siku ya sheha kurudi, pipa likawashwa mbele yake. Povu la kijivu likapanda limebeba mafuta yote, mimi nikaliengua kama mtu anayeengua povu la maharage. Nikatoa maji ya katikati kwenye bilauri. Meupe.

Bi Mwanaidi akasema, "Kama safi, yanywe."

Nikamwambia haya ya kulowekea mashuka na kuoshea sakafu, si ya kunywa.

"Basi sema maji yamepungua uchafu, usiseme safi."

Sheha akacheka mpaka kanzu ikamponyoka, ikagusa chini. Chini pakavu. Akaturuhusu.

Sasa Rukia anarudia kuyatumia maji yale yale kulowekea, yanayotoka ni machache na karo linayaweza.

Nilichojifunza wakuu: jirani anayekulalamikia usimalizane nae kwa kicheko. Msikilize mapema, pengine dawa anayo jikoni kwake.

Nina tatizo moja tu. Alumini inaliwa, kwa hiyo mtaa mzima wananiletea masufuria. Na kina mama wengine wananiletea mazima, wakiulizwa nyumbani wanasema fundi kayahitaji. Juzi mume mmoja alinijia juu, anataka sufuria yake ya pilau.

Wenye ujuzi nisaidieni: lile tope nnaloengua nnalikausha juani na kulitupa na taka, kuna njia bora? Na huyu mwenye sufuria, nimwambie nini?