Kilichorudi Bila Kutoka

Mdogo wangu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki, na mtu ambaye hajawahi kuishi na karani wa stoo hajui adha yake. Vijiko vyake vyote vililala upande mmoja. Soksi zake zilikuwa na namba. Ukiazima mkasi kwake anakuuliza unakwenda nao wapi na utaurudisha lini, wakati mimi ndiye dada yake mkubwa, tena fundi cherehani, na mkasi wenyewe nilimpa mimi.

Jumamosi aligeuka mtu mwingine. Alivaa koti jeusi nililomshonea, lenye mifuko ambayo sitakwambia iko wapi, akaenda kufanya mazingaombwe shuleni na kwenye kumbi za wafanyakazi. Watu walimwita Kiganja, kwa sababu kitu kikishaingia kiganjani mwake hukioni tena mpaka atake mwenyewe. Lakini hata huko ukarani ulimfuata. Alikuwa na kaunta buku moja nene, ambayo niliitilia vitambaa vya rangi pembeni ili afungue mahali anapotaka bila kupekuapekua.

Nyuma ya kaunta buku aliandika mawazo. Wazo halikuingia hivihivi. Lilibandikwa kwanza kwenye kioo chake cha kunyolea, na asipolichoka kwa wiki nzima ndipo analinakili. "Sungura ndani ya kofia," aliandika mahali, na chini yake: "Hapana. Anakojoa." Mbele aliandika maonyesho: ukumbi gani, waliotazama ni nani, walicheka wapi, nani alikaza shingo kuchungulia. Hakutaka watu walewale waone mchezo uleule. Kisha zilifuata safu alizochora kwa rula kama za kiwandani: Kilichotoka, Kilikokwenda, Kilivyorudi. Kabla ya onyesho alijaza kwa penseli, na baada ya onyesho akapitisha wino. Yai likivunjika au karatasi ikiungua, alipiga mstari kwenye safu ya mwisho, maana yake hakirudi. Kuacha nafasi wazi hakukubali kabisa.

"Pakiwa wazi, dada, maana yake bado tunakisubiri," aliniambia.

Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa kabati, na aliyekuwa akiingia ndani yake ni mke wake, wifi yangu. Kabati lenyewe ni refu, jeusi, lina mlango mbele na ukuta wa uongo nyuma. Mtu anajibanza katikati ya mbao, mlango unafunguliwa, watu wanaona patupu. Wifi yangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nilimfundisha kushona, lakini mishono yake iliegemea upande wake wenyewe mpaka nikamwachia. Alikufa kwa homa binti yao akiwa hajaanza shule. Kiganja akalifunika kabati kwa shuka, akabaki na michezo ya karata miaka mingi. Binti alipofikia bega langu akamwomba baba yake amfundishe, na shuka likatolewa.

Siku aliyoingia mle kwa mara ya kwanza mbele ya watu, alitoka salama na makofi akapigiwa. Kesho yake baba yake alikuja kwangu, kaunta buku kwapani, uso umemshuka.

"Nilimpa kitambaa cha njano aingie nacho," alisema. "Cha njano kimerudi. Na hiki nacho kimerudi."

Akaweka juu ya cherehani kitambaa cheupe cha mkono.

"Ulikisahau mle ndani."

"Mimi nisahau?"

Nikakigeuza pindo. Mishono yote imeegemea kushoto. Nilitaka kumwambia ni cha zamani, alikishona marehemu, tuache maneno. Lakini pembeni mwa pindo kulikuwa na alama ya chaki ya fundi, na chaki hiyo ukiipuliza tu inaondoka. Kitambaa kilikuwa kimeshonwa juzijuzi. Nikavuta stuli nikakaa.

Aliandika kama alivyozoea: kitambaa cheupe kimoja, kimerudi. Safu ya Kilichotoka ikabaki wazi. "Stoo ikipungua najua la kufanya," alisema. "Namtafuta mwizi. Ikizidi, namtafuta nani?"

Onyesho lililofuata kilitoka kibanio cha nywele, nywele moja ndefu imenasa kwenye meno yake. Lililofuata hilo ikatoka blauzi. Niliitandaza blauzi ile juu ya cherehani, nikaona haikuwa ya mtoto mdogo aliyeachwa na mama yake. Ilikuwa ya binti huyu wa leo, mabega yake haya ya leo. Nikamwita chumbani.

"Mle ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, shangazi. Giza tu." Akaanza kung'oa uzi kwenye mkono wa gauni lake. "Ila kuna mtu ananipima."

"Anakupima vipi?"

"Kama wewe. Anaanza mabegani, halafu kifua, halafu kiuno. Mwisho anashika kifundo cha mkono, anazungusha vidole." Akatabasamu. "Mikono yake mizuri. Haina haraka."

Mabega, kifua, kiuno, kifundo. Ndivyo nilivyomfundisha wifi yangu, kwa utaratibu huohuo, chumba hichohicho. Sitaki kujifanya jasiri: niliogopa. Nilimpenda wifi yangu, nikamlilia mpaka sauti ikanikauka, lakini sikutaka ampime mtoto huyu. Anayepima nguo anataka uje kuijaribu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Alikuwa mezani, kaunta buku iko wazi mbele yake. Kwenye ukurasa wa onyesho linalofuata ameandika kwa penseli "Kilichotoka: mtu, mmoja." Jina hakuweka.

"Wewe," nilimwambia, "hebu nieleze hapa ni mtu gani."

"Vimeingia vitu, dada, na hakuna kilichotoka. Hesabu haiwezi kukaa hivi. Kuna mtu upande wa pili anatoa mali yake na anasubiri."

"Asubiri mpaka achoke. Hilo si la kumtolea mtoto."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza niliona vijiko mezani vimelala ovyo.

"Kwani unanionaje?" alisema. "Yaani mimi nimtoe mwanangu?"

"Basi lichome kabati."

"Nimelifikiria hilo. Nikilichoma, vile vitu bado vimeingia." Akafunga kaunta buku taratibu. "Tena nawe unajua, dada. Mishono ni ya kwake."

Nilimjua tangu anatambaa. Ningepaswa kuelewa pale pale.

Onyesho lilifanyika ukumbi wa shule, mchana kweupe, mapazia yamefunguliwa. Nilikaa mstari wa mbele, nimejiapiza kwamba binti akisogelea kabati nitapanda jukwaani nimvute mbele ya walimu wote. Alilisogelea. Lakini baba yake akamshika bega, akamnong'oneza kitu, akampa ufunguo wa kabati. Kisha yeye mwenyewe akavua kofia, akainamia watu, akaingia.

Binti akafunga mlango, akazungusha kabati kama alivyofundishwa, akafungua. Patupu. Watoto wakashangilia. Akafunga tena, akafungua ili baba atokee. Patupu. Wakashangilia zaidi. Mara ya tatu alipoushika mlango, nilikuwa nimeshapanda jukwaani. Niliusukuma ukuta wa uongo. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi. Watoto waliendelea kupiga makofi, na mwalimu mmoja alinisifu baadaye kwamba nimeigiza kilio vizuri.

Polisi walilibomoa kabati nusu, wakapima mbao, wakaniuliza kama alikuwa na wasiwasi kazini. Niliwaambia ndiyo, stoo ilizidi. Hawakuandika.

Kaunta buku niliikuta chini ya koti lake. Ukurasa ule alikuwa ameshapitisha wino kabla ya kuingia, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Kilichotoka: karani wa stoo, mmoja. Kilikokwenda: kwa mke wake. Kwenye safu ya mwisho nilitarajia mstari. Hakupiga. Ameacha wazi. Nililia juu ya nafasi ile kuliko nilivyolia siku ya ukumbi.

Binti anakaa kwangu sasa. Kabati nimeliunga na kulisimamisha nyuma ya vitambaa, nimelifunga kwa kufuli, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Asubuhi binti akienda shule nalifungua, natazama, nafunga. Yeye hana habari.

Juzi nimekuta gauni. Bluu, limekunjwa vizuri, kimo ni chake cha mwezi huu, maana amerefuka. Mishono imeegemea kushoto. Ila kifungo cha juu kimeshonwa na mkono mwingine, uzi umezungushwa mara nyingi kupita kiasi na kufungwa fundo kubwa, kama wanavyofunga maboksi kiwandani. Nilicheka peke yangu, kisha nikaliketisha gauni mapajani, nikalikumbatia.

Halafu nikafungua kaunta buku, nikashika penseli. Gauni moja, limerudi. Ndivyo ingepaswa kuandikwa. Na safu ya kwanza ingebaki wazi tena, ikidai mtu. Nikairudisha penseli kwenye kopo bila kuandika. Daftari la mdogo wangu halikuwahi kuwa na uongo hata siku moja, sasa linao, na nimeuweka mimi.

Gauni nikampa binti kama nguo nyingine yoyote. Likamkaa bila kuhitaji kupunguzwa popote.

"Umelishona lini, shangazi? Mbona hukunipima?"

"Nakujua kwa macho," nilimwambia.

Akajitazama kwenye kioo, mbele na nyuma. Kisha kidole chake kikapanda mpaka kwenye kile kifungo cha juu, kikalizunguka fundo pole pole. Halafu akautazama ufunguo shingoni mwangu.