Uraia Uliosubiri Mbege

Serikali ilitaka mgeni akae nchini miaka kadhaa ndipo aombe uraia. Baba yangu alikuwa ameshaipita miaka hiyo zamani. Aliyemchelewesha si serikali, ni babu, na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Baba alizaliwa ng'ambo ya mpaka wa Holili, upande wa Kenya. Alikuja Masama, huku Tanzania, kujenga nyumba za mawe, akamwoa mama, akabaki. Ili aombe uraia alihitaji watu wa kumdhamini, na pale kijijini nani angethubutu kumtangulia babu, baba mzazi wa mama? Babu naye alikuwa na kipimo chake. Alimkatia baba kipande cha kihamba, shamba la ukoo, akampa machipukizi ya migomba. "Mkwe, siku wazee watakapokunywa mbege ya ndizi zako mwenyewe, nitakupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji."

Migomba ikazaa. Mama akapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, wazee wakaja, wakanywa, wakaimba. Babu akafuta midomo, akasema ulezi umezidi, tungoje mikungu mingine. Safari iliyofuata ndizi hazikuiva vizuri. Halafu ati mzee fulani hakuwepo. Jamani! Na mbege yenyewe aliimaliza mpaka tone la mwisho! Mama aligongesha masufuria jikoni makusudi asikike. Baba akamtuliza: "Mwache mzee, ananipima tu." Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole huo nao unaniudhi.

Mwishowe babu akakubali, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Wiki hiyohiyo zikaja habari kwamba mama yake baba yu hoi kitandani. "Nenda kamwone kwanza," babu akasema. "Ukirudi tutakwenda pamoja." Baba akaenda. Akiwa huko, serikali za Kenya na Tanzania zikagombana, mpaka ukafungwa.

Watanzania waliokwama kule waliachiwa kurudi makwao. Baba alipofika Holili aliambiwa kwao ni huko alikotoka.

"Nilidhani wakati upo," babu alimwambia mama. Babu alikufa huku mpaka ungali umefungwa. Nilimpenda sana, lakini pale kaburini sikumsamehe, na sijui kama nimemsamehe sasa.

Mpaka ulipofunguliwa nilikuwa msichana mkubwa. Nilikwenda na mama kumpokea baba Holili. Alikuja na mfuko mmoja, nywele zimekuwa nyeupe. Ofisa wa mpakani alimwamkia shikamoo kwa adabu, kisha akamuuliza anakwenda kukaa kwa nani.

"Kwangu," baba akasema. "Masama."

Ofisa akatikisa kichwa. Mgeni lazima awe na mwenyeji, akasema, vinginevyo hapiti.

"Nimekwambia kwangu!" Sikuwahi kumsikia baba akipaza sauti namna ile.

Mama akamshika mkono, akamgeukia ofisa. "Mwanangu, mruhusu apite," akasema. "Ni mgeni wangu."