Dakika Kumi za Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sabuni. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la kitenge alilonishonea mama yangu kule Temeke, mkononi nina barua ya ajira, na kichwani nimejaza nadharia zote za chuoni kuhusu kumrudisha mtu kwenye jamii yake. Mkuu wa Gereza alisoma barua, akaikunja, akasema, "Karibu sana. Kuna maboksi manne ya sabuni yameletwa na watu wa msikitini. Zigawe, halafu uniletee orodha."

"Na kazi yenyewe, afande?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Vijana mnaonisoma, mnaponiuliza afisa ustawi wa jamii gerezani alikuwa anafanya nini, nawajibu hivi: alishughulikia kila kitu cha mfungwa kisichohusu kufuli. Mgonjwa aliyehitaji ndugu yake ajulishwe, mtoto aliyeachwa kwa jirani, mirathi, talaka, viatu vya siku ya kutoka. Lakini robo tatu ya kazi yangu, kwa miaka yote niliyoifanya, ilikuwa jambo moja tu: mtu wa ndani asisahauliwe na wa nje, na wa nje wasimpoteze wa ndani. Ukisikia hivyo unadhani ni jambo jepesi. Na mimi nilidhani hivyo.

Wiki ya pili nilikuta nyuma ya mlango wa ofisi ya mapokezi mfuko wa salfeti umejaa barua. Barua ya mfungwa ilikuwa lazima ipite kwenye ukaguzi kwanza, yaani askari aisome ahakikishe hakuna mipango ya kutoroka. Hizi zilikuwa zimeshakaguliwa na kugongwa muhuri. Nikachukua moja ya juu. Kijana alikuwa anamwambia mama yake asije Jumapili ya wiki ile kwa sababu ana homa na hataki amwone hivyo. Barua ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka.

"Mbona hazijaenda?" nikamuuliza askari wa mapokezi.

"Stempu hakuna, mama. Mwenye hela yake anatuma."

Nikabeba mfuko. Jumamosi tatu mfululizo nilizunguka Temeke, Mbagala na Vingunguti nikigonga milango, na nyumba nyingine walinifungulia mlango nusu, wakidhani nimeleta taarifa ya msiba. Mkuu wa Gereza alipopata habari aliniita. "Wewe ni afisa au tarishi?"

"Kwa sasa ni tarishi, afande."

Alicheka, akaniacha, kwa kuwa haikumgharimu kitu. Alikuwa mtu mpole, mpenda bustani. Mchicha wa gereza lile ulisifika, na laiti angezijali barua nusu ya alivyoujali mchicha, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa gereza kubwa la upande mwingine wa jiji, la wafungwa wa vifungo virefu. Hapo nilimkuta Mkuu wa Gereza mwingine, mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, ambaye kila ulichomwambia alijibu, "Andika dokezo." Dokezo ni maelezo mafupi yanayopanda kwa wakubwa ndani ya jalada, na kila mkubwa anaongeza neno lake pembeni. Langu la kwanza, la kuomba waliohamishwa mbali wapigiwe simu, lilikaa miezi mitatu, likarudi limeandikwa "Fafanua." La pili likarudi limeandikwa "Tujadiliane." Hatukujadiliana.

Hapo ndipo nilipojuana na Mama Dismas. Alikuwa mwenyeji wa Newala, mjane, anauza supu ya utumbo karibu na machinjio ya Vingunguti. Mwanawe Dismas alikuwa mchonga vinyago. Aligombana na mchongaji mwenzake kwa ajili ya gogo la mpingo, akampiga na mpini wa shoka, mwenzake akapoteza jicho. Akafungwa miaka saba, na sisemi kwamba alionewa. Mkewe alirudi kwao Masasi, akamwacha binti wa miezi sita, Sabina, kwa bibi yake. Kila Jumapili Mama Dismas alikuja getini na mtoto mgongoni.

Jumapili moja niliitwa getini. "Njoo umnyamazishe mtu wako," askari akaniambia. Nilimkuta Mama Dismas amekaa chini kwenye vumbi, anaomboleza kwa Kimakonde, na mtoto anamshika mashavu. Alikuwa ametaja jina la mwanawe, askari akaangalia kitabu, akamwambia, "Hayupo," na kumwita anayefuata. Kwa mama yule, mtu kutokuwepo gerezani kabla kifungo hakijaisha kulikuwa na maana moja tu.

Nikachukua kitabu. Dismas alikuwa amehamishwa Jumatano ile kwenda gereza la kilimo huko bara, safari ya siku nzima na nusu kwa basi.

"Ungeshindwa nini kumwambia amehamishwa?" nikamuuliza askari.

"Hajauliza kama kahamishwa, mama. Kauliza kama yupo."

Nilimwangalia yule kijana mpaka akainamisha macho. Hakuwa mbaya. Alifundishwa kujibu anachoulizwa, akajibu. Nimefanya kazi na mamia ya watu wa namna hiyo, na wamenichosha kuliko wezi.

Mama Dismas aliuza sufuria zake mbili kubwa, akapata nauli, akamwacha mtoto kwa jirani, akaenda. Alifika Jumanne. Kule kutembelewa ni Jumapili. Hakuwa na pa kulala siku tano, wala hela ya gesti. Alisimama kwenye uzio akaangalia wanaume wenye nguo za rangi ya machungwa wakilima kwa mbali, akajaribu kubahatisha yupi ni wake, kisha akapanda basi la kurudi. Alinisimulia hayo ofisini kwangu bila kulia. Mie ndiye niliyelia, kwa hasira. Niliwahi kumwambia Mkuu wa Gereza kwamba kinachohitajika ni simu moja tu ipigwe kutoka ofisi yangu kwenda ofisi ya ustawi ya kule. Nilikwenda kumwambia tena.

"Andika dokezo," akasema.

Niliandika la tatu. Sijui liko wapi mpaka leo.

Mambo yalibadilika alipokuja Mkuu wa Gereza wa kike, mama mfupi, sauti ya chini, asiyependa karatasi. Nilimweleza habari ya ile simu, akaniuliza maswali ya haraka haraka nikiwa nimesimama.

"Simu ngapi?"

"Moja, afande."

"Nani anasikiliza?"

"Mimi huku, afisa mwenzangu kule. Sauti tunaiachia wazi."

"Vocha?"

"Ndugu wataweka. Ni hela ndogo tu, afande, ukilinganisha na nauli."

"Jumamosi tu. Dakika kumi kwa kila familia. Likitokea la kutokea, mimi sikukujua." Ikawa imeisha. Miaka miwili ya madokezo, na jibu lilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Jumamosi ya kwanza Mama Dismas alikuja amevaa doti ya khanga isiyowahi kufuliwa. Nilipiga, mwenzangu wa kule akapokea, kisha ikasikika sauti ya mwanamume ikikohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapo nyumbani?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri, mama. Mama mkubwa hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Na mjomba wako anakusalimu. Na Mama Rehema wa jirani, yule alivunjikaga mguu, kashapona, naye anakusalimu."

"Nimezipokea. Na wewe miguu haikusumbui?"

Nikaangalia saa. Dakika ya nne ilikuwa inakwisha na watu walikuwa bado wanasalimiana. "Mama," nikanong'ona, "dakika zinakwisha. Mwambie la maana!"

Alifunika simu kwa kiganja, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mgumu kufundishika. "Mwanangu," akasema, "si ndo hilo namwambia."

Sikumkatiza tena yeye wala mwingine. Sabina, aliyekuwa amefikisha miaka miwili, alipopewa simu aliilamba. Lakini miezi ilivyokwenda alianza kusikiliza, kisha kujibu. Dismas alikuwa anamweleza wanyama aliowaona shambani wiki hiyo: ngedere walioiba mahindi, nyoka aliyeingia kwenye buti la askari. Mtoto anacheka mpaka anashikilia meza yangu. Zilifika familia kumi na tano, wengine wakitoka Madale na Sinza, wanakaa kwenye benchi la nje tangu saa moja asubuhi wakingoja zamu.

Kisha pakaja mradi.

Walikuja mabwana wa kampuni moja wenye vitambulisho shingoni, wakafunga magerezani simu za ukutani zenye kadi maalumu za kununuliwa na ndugu. Ziling'aa. Palikuwa na hotuba, na soda. Jumatatu yake niliambiwa simu ya mezani kwangu isimame, kwa sababu sasa kuna mfumo. Nikauliza bei ya dakika moja, hakuna aliyejua. Aliyejua alikuwa Mama Dismas, aliyekwenda kununua kadi.

"Dakika moja bakuli tatu za supu, mwanangu," akaniambia. "Sasa mie niongee, au mtoto ale?"

Bei ya mtaani haikufika hata nusu bakuli. Nilipouliza kwa nini watu maskini kuliko wote jijini wauziwe dakika ghali kuliko wote, nilijibiwa kwamba mitambo ni ya gharama na usalama ni wa gharama. Usalama ule niliufanya mimi bure miaka mitatu, kwa masikio yangu haya mawili. Benchi langu likabaki tupu.

Kwenye kikao cha tathmini alikuja Afisa wa Mkoa. Nilisema niliyoyasema, na sauti yangu haikuwa ya dokezo.

"Lakini mama," akanijibu kwa upole, "huwezi kuwarahisishia kila kitu. Watazoea."

"Watazoea nini, afande? Mama zao?"

Afisa wa Mkoa akafunga jalada lake. Mkuu wangu wa Gereza alikuwa anaangalia kalamu yake. Nilijua nimejiharibia, na kweli, barua ya onyo ilikuja mwezi ule ule: lugha isiyofaa kwa kiongozi. Ninayo. Lakini baada ya kikao yule mama mfupi alinifuata kwenye korido, akasema bila kusimama, "Waliohamishwa mbali tu. Jumamosi. Mfumo ubaki kwa wengine." Nilitaka wote. Nilipewa nusu, nikaichukua.

Kutoka siku simu ilipokatazwa mpaka siku iliporudi ilikuwa miezi minane. Dismas aliposema, "Sabina, wiki hii nimeona nini?" mtoto, sasa ana miaka mitano, aliingia nyuma ya khanga ya bibi yake akakataa kutoka.

"Msalimie baba," bibi akambembeleza.

"Huyo katuacha," mtoto akasema.

Sauti ilikuwa wazi, kwa hiyo Dismas alisikia. Mwenzangu wa kule aliniambia baadaye kwamba Dismas aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akarudi, akashika simu, akaanza kueleza habari za kobe aliyemwona kwenye mtaro, akiiambia hewa tu, mpaka dakika kumi zikaisha. Jumamosi iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Ya sita mtoto akauliza kutoka chini ya meza, "Kobe huyo alikuwa na watoto?"

Dismas alitoka kabla ya miaka saba kutimia, kwa msamaha wa tabia njema. Mama Dismas aliniomba niwepo, nikaenda Vingunguti siku yangu ya mapumziko. Mtu aliyeingia uani alikuwa mwembamba, ndevu zina mvi, begi la plastiki mkononi. Sabina hakuwahi kumwona kwa akili ya kukumbuka. Alirudi nyuma, akashika mlango, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni yeyote. Dismas naye alisimama pale pale, hajui pa kuweka begi.

"Ongea," nikamwambia. "Hakujui uso. Ongea!"

"Sabina," akasema, "kwenye basi leo nimeona nini?"

Mtoto aliachia mlango. Alimwendea polepole, akamgusa koo, pale inapotokea sauti, akaacha mkono wake hapo.

Watu walipiga vigelegele. Mama Dismas alikaa kwenye ndoo akalia mpaka supu ikaungua. Na mimi, nitawaambia ukweli kwa kuwa sasa ni mzee na sina wa kuniandikia barua ya onyo, sikufurahi kama mlivyotarajia. Nilikunywa bakuli langu, nikashukuru, nikaondoka, na njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa nimekasirika. Yote yale yalikuwa yamefanywa na simu moja kuukuu, vocha ya bei ya andazi, na mtu mmoja wa kukaa mezani siku ya Jumamosi. Hapakuhitajika mradi, wala hotuba, wala soda. Nilianza kuhesabu watoto wa zile familia ambazo hazikuwa za mbali kiasi cha kutosha, waliobaki kwa mfumo, nikaacha kuhesabu.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Naishi Madale, nina kuku, na magoti hayataki tena kilima cha kwenda kituo cha basi. Wiki iliyopita afisa ustawi aliyeshika nafasi yangu, binti mchapakazi, alinipigia kunisalimia. Baada ya shikamoo alisema kuna Mkuu mpya wa Gereza, na ameuliza kwa nini ofisi ya ustawi inatumia simu Jumamosi.

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Kasema niandike dokezo, mama."

"Andika," nikamwambia. "Na wakati linapanda na kushuka, wewe endelea kupiga."