Danstan na Lori la Mdogo Wake

Danstan wa Bukiriro aliachiwa lori na baba yake, na lori lenyewe likamfia mikononi. Kwa miaka mingi lilisimama nyuma ya nyumba, migomba ikaota hadi kwenye bodi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Halikumsumbua. Aliyekuja kumsumbua ni Avelina, mdogo wake.

Wanyarwanda walipomiminika mwaka 1994, na kambi yao ya Benako ikageuka mji kabla watu hawajajua la kusema, kila mwenye ndizi na maharage alitafuta gari. Danstan alikuwa na baiskeli. Avelina, aliyekuwa akiuza maharage kwa mafungu pale Rulenge, alinunua lori la bluu na kumwajiri Mrundi mmoja, Manirakiza, awe dereva na fundi wake. Kila asubuhi lori hilo likifika konani kwa Danstan lilipiga honi mbili. Watoto walikimbia nje kushangilia. Yeye alibaki ndani na chai yake.

"Anatusalimia," alisema mkewe, Justina, asubuhi moja.

"Anaturingia."

Siku hiyohiyo akachukua panga, akafyeka migomba, akafungua boneti.

Pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Alizimiminia dizeli, akangoja, akazigonga kwa kipande cha mti mpaka zikaanza kukubali, isipokuwa moja iliyopasuka. Akasafiri hadi Biharamulo na kuzunguka kwa mafundi mpaka akapata nyingine kwenye gari bovu nyuma ya gereji. Akafunga kila kitu, akajaza maji kwenye rejeta. Alipopima oili, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanavujia ndani. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa na ufa.

"Baba Claudia," Justina akasema, "wifi ana fundi. Mwombe."

"Nimwombe mtoto niliyembeba mgongoni?"

Avelina hakungoja kuombwa. Alimtuma Manirakiza na sanduku la spana. Mrundi akasimama uani, kofia mkononi, akasema kwa upole kwamba anamfahamu mtu wa kuchomelea ufa kama huo. Danstan alimjibu kuwa gari halina tatizo lolote. Oili ile nyeupe ilikuwa kwenye beseni katikati yao. Wote wawili waliitazama, kisha Manirakiza akaaga.

Hedi nyingine ilimgharimu ndama. Alipoifunga, pampu ikakataa kusukuma dizeli. Pampu ilipopona, nozo za kunyunyizia dizeli zikawa zimeziba. Na honi mbili hazikukosa asubuhi hata moja.

Masika moja alikuwa akirudi kutoka Rulenge kwa baiskeli, nozo amezifunga kwenye kitambaa, akalikuta lori la bluu limezama kwenye tope hadi ekseli. Avelina, kanga ameipandisha magotini, alikuwa akisukuma pamoja na wapita njia. Moyo wa Danstan ukachanua. Yeye mwenyewe aliusikia.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba," akajibu, wala hakuacha kukanyaga pedeli.

Nyumbani alikula kwa hamu, akaongeza. Kesho yake honi zikalia konani kama kawaida, na utamu wa jana ukaisha.

Injini ilikubali Desemba ya 1996. Majirani walilisukuma lori kwenye mteremko. Likakohoa, likatema moshi mweusi, likanguruma. Justina akapiga vigelegele. Danstan hakungoja hata kunawa. Alitaka kufika Benako, Avelina amwone akipita.

Alipofika barabara kuu hakuweza kupita. Barabara yote ilikuwa watu: magodoro na masufuria vichwani, watoto migongoni, wakielekea Rusumo, kurudi kwao. Kambi zilikuwa zinafungwa. Pembeni lilisimama lori la bluu, tupu, na Avelina ameketi kwenye bampa.

Alimwona kaka yake, akainuka, akaja kuweka viganja viwili kwenye boneti inayotetemeka.

"Limewaka!"

"Limewaka mzigo ukiwa umekwisha," Danstan akasema.

"Unajua baba alipokupa hili nililia siku nzima?" Hakuwa anatania. "Ningepewa mimi lisingeota migomba. Lile la bluu nililinunua kwa hasira tu, kaka."

Muda wote ule Danstan alidhani yeye peke yake ndiye aliyeliwa moyo na wivu.

"Nipishe niliendeshe," akasema Avelina.

Akampisha, naye akaligeuza kuelekea Bukiriro, kwenye njia isiyo na watu. Gia zilizokuwa zikimsagikia yeye, kwa Avelina ziliingia laini. Danstan, kwenye kiti cha abiria, akausikia uchungu ukijikunja tena kifuani.

"Punguza mwendo!" akasema, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Avelina akapunguza.

Baada ya Krismasi walianza kubeba maharage ya wakulima wa Kirushya kwenda Biharamulo, malori mawili yakifuatana. Walikula pamoja njiani, wakasaidiana tairi zilipopasuka. Ila Danstan hakukubali kukaa nyuma. Kila safari alitangulia yeye, vumbi lote akamwachia mdogo wake.