Laptopu ya Bi Kazija iliyoamka Mkunazini na kufa Kiembe Samaki

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatano moja ya Novemba 2007, kichochoro cha Mkunazini bado kina ubaridi wa usiku. Ghaliya Sami ameshaifunika laptopu iliyo mbele yake, na sasa anasubiri ilale.

Taa ndogo ya ubavuni inaanza kupepesa. Feni inavuma, inapunguza, inanyamaza. Ghaliya anatazama saa yake ya mkononi mpaka dakika kumi zitimie, kisha anaifunua na kubonyeza kitufe. Skrini inawaka. Picha ya gauni la harusi la kijani inarudi pale pale ilipoachwa.

"Unaona? Hapa kwangu inaamka kama mtoto aliyeshiba," anasema. "Ikifika kwa mwenyewe, inakufa."

Hii ni mara ya tatu laptopu hii inarudi mezani kwake ndani ya wiki sita. Mwenyewe ni Bi Kazija Mcha, mzaliwa wa Tumbatu aliyehamia Kiembe Samaki, mshonaji wa mavazi ya maharusi. Vipimo na picha za wateja wake wote zimo humo. Kila akiifunika kwenda kusali au kutazama chungu, akirudi kuifunua hukuta skrini ya buluu yenye maandishi meupe, au giza tupu. Alichokuwa hajakihifadhi hupotea.

Wiki iliyopita vilipotea vipimo vya bibi harusi mmoja na ndugu zake kumi na wawili waliotaka sare. Bi Kazija alilazimika kuwaita upya na kuwapima mmoja mmoja, wengine wakiuliza kama wamenenepa tangu juzi.

Leo ameileta mwenyewe, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Ghaliya mwanangu, nakupenda, lakini nshachoka," alisema kabla ya kuondoka. "Ikifa tena hii, naipeleka Dar kwa mafundi wanaume."

Maneno hayo yamemchoma Ghaliya, na zaidi kwa sababu hakuyasikia peke yake. Meza anayofanyia kazi si yake. Ni ya Mabrouk, mzee wa makamo mwenye duka la chaja, betri na rimoti za televisheni, aliyemkodisha pembe moja karibu na mlango. Fundi mmoja kijana wa Amani ameshaiulizia meza hiyo mara mbili.

"Mie si mbaya, mwanangu," Mabrouk anasema huku akipangusa vumbi kwenye rimoti zake. "Lakini watu wanapita hapa wanaiona mashine ile ile. Wataona duka langu lina mkosi. Ikirudi mara ya nne, meza nampa yule kijana."

"Ami Mabrouk, nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ipi? Mwezi una Ijumaa nne."

"Hii ya kesho kutwa."

"Haya. Na mimi nna masikio, nitasikia."

Ghaliya ana miaka ishirini na sita. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu. Baba yake alikuwa karani, na nyumba ya Malindi, hapa hapa mjini, waliyobaki nayo ina madirisha mengi kuliko watu. Aliolewa akiwa na miaka ishirini, na mwaka 2003 akamzaa Dalal. Mtoto alipotimiza miezi mitano, Ghaliya alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta huko Vuga, siku tatu kwa wiki.

"Nikimnyonyesha, namkabidhi kwa mama mkwe, natoka mbio," anakumbuka. "Wenzangu wanawake walikuwa chumba cha pili wanajifunza kupiga chapa. Chumba cha ufundi mwanamke nilikuwa mie tu. Maziwa yakinijaa saa moja na nusu, najikunja juu ya meza kama mtu anayesoma sana."

Alipata cheti mwaka 2005. Mwezi mzuri humpatia kiasi cha shilingi elfu tisini, na thelathini kati ya hizo ni kodi ya meza. Umeme ukiwa wa kukatikakatika, hupata nusu ya hizo.

Anasema laptopu zinazokataa kuamka ndizo zinazowasumbua mafundi wengi, kwa sababu mashine iliyolala haikuzimwa. Imeshikilia kumbukumbu ya kila ilichokuwa ikifanya. Ikiamshwa, kila kiungo lazima kiitike. Kimoja kikinyamaza, vyote vinaanguka.

Kwa hiyo Ghaliya huviita kimoja kimoja. Mara ya kwanza alichomoa kile kibao chembamba cha memori, akakirudisha mahali pake na kubadilisha programu inayoendesha skrini. Mara ya pili alipima betri, akasafisha feni kwa brashi, akakichomoa tena kibao cha memori na kukirudisha. Mara zote mbili mashine ilirudi kwa mwenyewe nzima. Mara zote mbili ilikaa siku kumi hivi, ikaanza tena.

Jibu lilianza kumjia Jumatano hiyo hiyo jioni, nyumbani, akimbadilisha nguo Dalal. Mtoto alikuwa ametoka kulala kwa bibi yake na mgongo umejaa upele.

"Mtoto akirudi na upele hukimbilii kumbadilishia mafuta," anasema. "Unauliza kwanza, kalazwa wapi? Kumbe kalazwa juu ya mkeka mpya, rangi haijakauka vizuri. Nikakaa pale na nguo ya mtoto mkononi. Nikajiambia, ile laptopu nnajua inavyoamka. Mbona sijauliza inalala wapi?"

Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, yuko mlangoni kwa Bi Kazija, mashine kifuani.

"Hodi! Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Ushaitengeneza?"

"Bado. Nimekuja kuilaza."

"Kuilaza!" Bi Kazija anashika kiuno. "Na wimbo wa kubembelezea utauimba wewe au mie?"

Wanacheka wote wawili, na Ghaliya anapitishwa mpaka chumba cha ndani. Fundi wa kwanza kuishika mashine hii, kabla yake, alikuwa mwanamume. Yeye alikalishwa barazani, akapewa mashine kwa mkono wa mtoto, akaletewa kahawa. Zaidi ya hapo hakufika, wala hakutarajia kufika.

Chumbani mna kitanda, cherehani, magauni yaliyotundikwa ukutani na tenga la fito la kufukizia nguo.

"Fanya kama kila siku," Ghaliya anasema. "Mie sipo."

Bi Kazija anaifunika laptopu. Taa ya ubavuni haijaanza kupepesa, ameshaizonga kwa kanga mbili. Anailaza juu ya tenga, analitandaza gauni la bibi harusi juu yake, kisha anaingiza chetezo chini, makaa yamewiva na vipande vitatu vya udi. Moshi unapanda taratibu.

"Bi Kazija! Kila siku hivi?"

"Kila siku nikifukiza, na mie nafukiza kila siku. Mwanangu kaniletea kitu hichi kutoka Maskati. Vitu vyote vya thamani humu ndani vinanukia, hichi ndio kinuke vumbi?"

"Lakini inapumua hiyo!"

"Inapumua vipi, na imelala?"

"Haijalala. Umeifunika tu. Hebu njoo usikilize."

Wanainama wote wawili, masikio juu ya tenga. Ndani ya kanga feni inahema kwa nguvu, imekosa hewa, na inachovuta ni moshi.

Ghaliya anaitoa, anaiacha ipoe, anaipindua kitandani na kufungua skrubu kwa bisibisi. Anachomoa kibao cha memori na kukipeleka dirishani. Ukingo wake, unaotakiwa kung'ara kama dhahabu, una utando mwembamba wa rangi ya chai. Anatoa mkobani raba ya kufutia penseli, anausugua polepole. Raba inageuka kahawia. Ukingo unang'aa.

Anaisogeza raba puani, kisha anampa Bi Kazija.

"Udi wangu!" Bi Kazija anashangaa.

"Udi wako. Na kila nilipokichomoa na kukirudisha kibao hichi, nilikikwangua bila ya kujua. Ndio maana ikipona siku kumi. Nilidhani nimetibu, kumbe nimeparuza tu."

Anakiri kwamba harufu ile aliisikia tangu siku ya kwanza. "Fundi mgeni angeuliza, hii mashine mbona inanukia? Lakini sisi hapa, mwanamke wa heshima akikuletea kitu kinanukia udi, unasema mashallah, unaendelea na kazi. Harufu ile ndiyo iliyonifumba macho."

Bi Kazija ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. "Basi nimeiua mwenyewe."

"Hukuiua, Bi. Umeidekeza."

Safari hii mashine inalazwa juu ya meza ya cherehani, wazi, bila ya kanga. Wanasubiri taa ianze kupepesa na feni inyamaze. Wanakunywa chai ya tangawizi. Wanazungumza habari za Dalal na upele wake, na za Mabrouk na meza yake. Baada ya nusu saa Bi Kazija anaifunua kwa kidole kimoja, kama anayegusa birika la moto.

Gauni la kijani linarudi. Anaifunika tena, wanasubiri tena, linarudi tena.

Ijumaa asubuhi Mabrouk anatazama meza tupu. "Iko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Tutaona." Anachukua simu na kumpigia Bi Kazija mbele ya wateja wawili. Sauti ya Bi Kazija inasikika mpaka nje ya duka: imeamka mara tano tangu jana, na kama Mabrouk anataka kumtoa mtoto wa watu mezani, amtoe tu, yeye atamwekea meza yake nyumbani kwake Kiembe Samaki, bila ya kodi. Mabrouk anairudisha simu mfukoni na kuendelea kupangusa rimoti. Kijana wa Amani hajatajwa tena.

Wiki tatu zimepita na laptopu haijarudi. Badala yake zimekuja simu. Wateja sita wa Bi Kazija, wanawake wote, wamemwita Ghaliya majumbani mwao: mmoja ameiweka mashine juu ya friji chini ya kitambaa cha kufuma, mwengine huilaza ndani ya sanduku la nguo, chini ya mto.

Tatizo sasa ni miguu. Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja mtupu karibu na Amani, Ghaliya anajifunza kuendesha vespa ya mitumba anayotaka kuinunua. Mumewe, Tamim, hushika kiti kwa nyuma na kukimbia huku akipiga kelele, "Breki! Ghaliya, breki!" Dalal, pembeni, hupiga makofi kila mama yake anapokaribia kuanguka.

"Nikishaimudu, nataka mwakani nifike mpaka Mkokotoni," anasema, akifuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio. "Huko nako kuna wanawake wameletewa mashine na watoto wao, zimekufa, zimefungiwa ndani. Fundi mwengine anapewa kitu mlangoni, anarudi nacho. Mie naambiwa pita ndani. Basi nitapita."