Bwawa la Libérata Lililozidi Kijani

Kwa Libérata, mbolea haikuwahi kuzidi. Kwa miaka ishirini alikuwa amelima maharagwe na mihogo kwenye kilima juu ya mji wa Sake, na kila shamba alilolimwagia samadi ya ng'ombe lilimlipa. Kwa hiyo alipochimba bwawa la tilapia bondeni, aliyalisha maji kama anavyolisha shamba. Maji yakawa kijani, samaki wakanenepa, naye akazidisha vikapu vya samadi. Tena akasimama kanisani, kichwa juu, akatangaza kwamba kwenye harusi ya binti yake Dorothée wageni watakula samaki wa bwawa lake. Jirani yake Nzabonimpa, mfugaji wa mbuzi, alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku nne kabla ya harusi, alfajiri, Libérata akakuta samaki wote juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Akapiga yowe lililomleta Nzabonimpa mbio.

"Mama Libérata, maji yako iko nzito sawa sombe ya majani ya mihogo," Nzabonimpa akamwambia kutoka ukingoni. "Vua yote leo. Ku harusi, miye nitakuuzishia mbuzi."

Mbuzi! Hasira ikamrudishia akili. Akakumbuka kipimo alichofundishwa na moniteri, mwalimu wa ufugaji wa samaki, naye akakidharau: chovya mkono, kiganja kikipotea maji yakifika kiwikoni, kijani hicho ni chema. Kikipotea mapema, mwani umezidi, na usiku utawanyang'anya samaki hewa. Akachovya. Kiganja kilipotea maji hayajapita kifundo cha mkono.

"Dorothée! Ita bamama ya kwaya, balete mabeseni!"

Yeye mwenyewe akang'oa boma la miti lililoshika samadi pembeni mwa bwawa, akazibua mfereji wa kijito, maji mapya yakaingia. Wanawake wakaingia hadi magotini, wakachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa, wakiimba, bibi harusi akiwa katikati yao na kitenge kimejaa tope. Jua lilipopanda, samaki walianza kurudi chini, wakaogelea. Walikufa kumi na wawili tu. Libérata alipiga vigelegele peke yake kabla wengine hawajamfuata.

Jumamosi, siku ya harusi, sahani zilirudi na miiba mitupu. Nzabonimpa alikula samaki watatu, akafuta mdomo, akasogea taratibu.

"Mama, na miye niko na bonde. Utanipatia batoto ya samaki?"

"Nitakupatia, Papa." Libérata akamshika mkono, akamkunjia mkono wa shati lake la harusi mpaka kiwikoni. "Lakini kwanza, twende ku maji."