Siruki Swali la Kazi

Mwaka niliporudi kufanya mtihani wa kidato cha nne, nilikuwa na mtoto wa chekechea na cherehani niliyoiweka barazani kwa watu. Tuisheni ilikuwa mjini, mtaa wa Soweto, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wenzangu wote walikuja na sare za shule. Mwalimu, kijana niliyemzidi umri, aliniita mama.

Siku tulipofika maswali ya kazi, aliniinamia akasema kwa upole, "Mama, haya yaruke. Wewe tafuta alama kwenye seti na takwimu."

"Siruki," nikamwambia.

"Mtihani umekaribia."

"Ndiyo maana siruki."

Nilikuwa nimesharukishwa mengi. Nilipopata mimba niliondolewa shule. Nilipoolewa, mama mkwe wangu kule Mwika aliniambia vitabu niwagawie wadogo zangu. Sikuwagawia.

Mwalimu aliandika swali kwa Kiingereza, akalieleza: mwanamume analima shamba kwa saa sita, mwanamke analima shamba hilohilo kwa saa kumi na mbili. Wakilima pamoja watatumia saa ngapi?

"Huyo mwanamke nani alimpima?" nikauliza.

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nimelima Mwika na mtoto mgongoni, najua nani huacha jembe mapema.

"Mama, ni hesabu tu."

"Sawa. Nitaifanya, lakini siiamini."

Nikajumlisha saa, nikagawanya kwa mbili, nikapata tisa. Mwalimu akaitazama kazi yangu. "Peke yake anamaliza kwa sita. Akisaidiwa ndiyo achelewe?"

Mabinti wa mbele wakageuka kuniangalia. Uso ulinichoma. Nikafuta, nikamwomba aanze upya, tena polepole, na wanaojua wasubiri.

Akaanza upya. Usijumlishe saa, akasema, jumlisha kipande kinacholimwa ndani ya saa moja. Mwanamume analima moja ya sita, mwanamke moja ya kumi na mbili. Nikavijumlisha mwenyewe: robo ya shamba. Basi ni saa nne. Nikaomba swali lingine, na lingine.

Wiki ya jaribio, mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kahawa imeiva. Jumamosi upande huku Mwika, tuchume."

"Jumamosi nina jaribio, mama. Nitapanda Jumatatu, nichume mpaka iishe."

"Kwa hiyo umekataa."

"Jumamosi nimekataa."

Akakata simu. Kwenye jaribio lilikuja tangi lenye bomba moja la kujaza na jingine la kumwaga. Hatukuwa tumefundishwa hilo. Jirani yangu aliliacha wazi. Mimi nikatoa badala ya kujumlisha, na nikalipata.

Matokeo ya mtihani wenyewe yalipotoka, hesabu nilipata D. Nilikuwa Mwika, nakata majani ya ng'ombe.

"D ndiyo nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni kufaulu."

"Kufaulu kwa chini."

"Kwa chini, ndiyo. Chuo nilichoomba wamenipokea nayo."

Akauliza mtoto atabaki na nani. Nikamwambia nitakwenda naye.